Mama Mwenye Ndoo

Ombeni alikuwa karani wa bima huko Don Mills, Toronto, Kanada, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, lakini usimwone hivyo. Ujanani, Mwanza, alitafsiri filamu kwenye banda la video pale Kirumba. Filamu inakwenda, naye kashika maiki, anawasemea wote, shujaa na adui.

Mwaka 2009 filamu moja kubwa ilijaza majumba ya sinema Toronto nzima. Askari wa Kizungu anaokoa kijiji cha Waafrika, na wanakijiji kazi yao ni kukimbia na kupiga mayowe. Hakuna hata mmoja aliyepewa neno la kusema. Clara, binti wa Ombeni mwenye miaka kumi na minne, aliitazama na wenzake, na kesho yake akawaambia kwamba kwao si Afrika, ni Trinidad. Habari zilimfikia baba yake. Aliona anampoteza mtoto hivihivi.

Jumamosi mchana Watanzania wa jijini walikutana kwenye ukumbi wa mtaa wa Crescent Town. Suhaila, katibu wao, akaweka filamu ileile, nakala ya mtaani, ili watoto watulie. Ombeni akainuka, akazima sauti, akachukua maiki ya matangazo.

"Baba, please don't," Clara alinong'ona.

Weee, nani amsikie? Mzee aliyekuwa akitimua mbio kwenye skrini akafunguka: "Simkimbii mtu, nawahi kikao. Huyu mgeni kakanyaga mihogo yangu, na bado anataka nimshukuru." Askari akaomba radhi, akauliza kisima kiko wapi akachote maji. Watu walivunjika mbavu.

Kisha akatokea mama mwenye ndoo, analia, sura imejaa skrini. Alifanana na Dorotea, mama yake Ombeni, aliyezikwa Mwanza bila mwanawe kufika. Ombeni akaishusha maiki.

Clara akaja mbele, akamwondolea baba yake maiki mkononi.

"Mimi naitwa Dorotea," alisema, Kiswahili kikichechemea. "Hii nyumba nimejenga mimi. Wewe unanipiga picha, mbona hujaniuliza jina?"

Hakuna aliyecheka. Makofi yalianza kwa Suhaila, yakaenea meza zote. Ombeni alisimama pale kifua mbele, machozi yakimtoka, wala hakujali nani anamwona.

Jumatatu Clara alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni na koti lake.

"Nimewaambia ukweli, baba," alisema. "Trinidad hata sijawahi kufika."