Mkanda Uliosema Hajachoka

Mwenye kijana anayenyanyua vyuma asome haya mpaka mwisho.

Mwanangu Kashaija anaishi Buhembe, hapa Bukoba mjini. Kazi yake ni kupakia ndizi kwenye malori, na jioni ananyanyua vyuma kwenye jimu ya rafiki yake Rutashobya. Mimi nakaa Ijumbi, kule Muleba. Jumamosi ile nilikuwa nimemletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, kutoka shambani, nikamkuta hukohuko jimu, amevua shati, mkono umebandikwa waya kama mgonjwa wa moyo.

"Mama, huyu ni mwalimu Alexander wa chuoni," akaniambia. "Anapima mashine."

Mwalimu akanisalimia kwa heshima, akanipa kiti, akanieleza vizuri. Kulikuwa na mkanda mpya wa kuvaa mkononi, unaosikia misuli ikifanya kazi na kuonyesha kwenye simu. Zile waya ndiyo mashine ya siku zote, inayoaminika. Kijana ananyanyua chuma, wao wanaangalia kama mkanda unasema sawasawa na waya.

"Ila, mama, tunaomba usimguse wala kumsemesha," akasema. "Akigeuka kidogo tu, vipimo vinaharibika."

Nikakaa.

Kashaija akanyanyua, akashusha. Waya zikasema misuli inafanya kazi sana. Mkanda ukasema kidogo. Mwalimu akaukaza, akasema turudie. Jasho likatoka, mkanda ukateleza, vikabishana tena. Wanaobishana ni vifaa viwili, anayerudia ni mwanangu.

Kila akipumzika anaulizwa: kutoka moja mpaka kumi, umechoka kiasi gani?

"Tatu," anajibu.

Rutashobya akacheka. "Tatu? Si wewe juzi mkungu mmoja ulikushinda, ukasingizia kiatu?"

"Nyamaza, wewe tumbo. Ungekuwa wewe, saa hizi tungekuwa tunakukorogea uji."

Wakacheka wote, na mwalimu naye. Mimi sikucheka. Kwetu mgeni akikuuliza hali unamwambia nzuri, hata kama una homa. Ndivyo tunavyolea watoto, mgeni habebeshwi maumivu yako. Sasa huyu ni mwalimu, amefunga safari na mashine zake. Mwanangu hakuwa anapima uchovu, alikuwa anamjibu mgeni. Basi kijana anasema tatu, mkanda nao unasema bado, na mwalimu akaona hao wawili wamekubaliana, labda waya ndizo zenye kasoro. Akazibandua, akazibandika upya. Turudie.

"Mwalimu," nikasema, "mkono unatetemeka."

"Mama, tafadhali."

Kashaija akanitupia jicho lile la kuniomba nisimwaibishe mbele za watu. Nikafunga mdomo. Akanyanyua tena, na tena, mpaka chuma kikamponyoka.

Nililala kwake, na kesho yake kijiko hakikufika mdomoni. Mkono ulikuwa umevimba, umekuwa mgumu kama gogo. Akasema ni maumivu ya mazoezi tu, yataisha. Siku iliyofuata akaniita chooni. Mtu mzima kumwita mama yake chooni, ujue aibu imemwisha. Mkojo ulikuwa na rangi ya kahawa.

Hospitali daktari wetu ni dada mmoja anaitwa Dativa. Akanieleza polepole. Misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi inaharibika, vitu vyake vinaingia kwenye damu, vinakwenda kuzilemea figo.

"Atapona?"

"Tunamwekea maji mengi, mama. Tusubiri."

Mwalimu Alexander alikuja jana, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama, nimeangalia upya. Mkanda ndio uliokuwa unakosea."

"Sasa tufanyeje, baba?"

Naye ni mtoto wa mtu, macho yalikuwa mekundu. Nikamsogezea kiti.

Ninyi wenzangu, mtoto wako akitetemeka, simama, hata kama wamekuambia kaa. Mkono ukivimba na mkojo ukawa mweusi, msikande, msingoje kesho, kimbieni hospitali.

Mimi nipo hapa pembeni ya kitanda. Maji yanaingia mfuko baada ya mfuko, yanayotoka ni kidogo. Dativa amesema yasipoongezeka tutapelekwa Mwanza kwenye mashine ya kusafisha damu. Kashaija amelala, uso umeanza kuvimba. Nainua mfuko wa mkojo kwenye mwanga wa dirisha, nauangalia, naurudisha chini. Tangu asubuhi mkojo uko palepale.