Mtaa Alioujenga Dada

Dada yangu alianza kwa kuchora mabango ya vinyozi. Vichwa alivyochora vilipendeza hata wateja wakawa wanaingia wakisema, "Ninyoe kama yule wa ukutani." Mwongozaji mmoja wa filamu alipita, akasimama, akauliza mchoraji ni nani. Tangu hapo dada akawa msanifu wa mandhari: kila nyumba na kila kikombe unachokiona kwenye filamu, ni yeye aliyekiweka.

Mama hakuelewa. "Mtu mzima na akili zake, anajenga nyumba za kuigiza," alikuwa akiniambia. "Angalau basi angejenga za kupangisha!"

Siku moja dada akatualika tuje tumwone kazini, nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Tulipokata kona, mama akanishika mkono. Mbele yetu palikuwa na mtaa mzima: duka la fundi cherehani, kibanda cha magazeti, nyumba ya ghorofa yenye ukuta uliokunywa mvua miaka nenda miaka rudi. Kizingiti chake kilikuwa kimelika katikati, kama kilichokanyagwa na vizazi.

Mama akauweka sawa mtandio wake, akabisha. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Kimya. Akasukuma mlango.

Nyuma yake hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nguzo za mbao, mifuko ya mchanga, na mbingu.

"Makubwa haya," mama akanong'ona, akiupapasa ukuta.

Dada akaja akicheka, rangi mpaka kwenye nyusi. "Plaiwudi hiyo, mama. Hayo madoa ya ukungu ni maji ya majani ya chai."

"Na hizi nyufa?"

"Nimezichonga kwa kisu, moja moja. Leo tunauchoma."

"Mnachoma nini?"

"Mtaa. Ndivyo hadithi inavyotaka."

"Mwanangu, nani kakuroga?"

Zimamoto wakajipanga. Kamera zikawashwa. Mwongozaji hakumtazama mtu mwingine ila dada, naye akaitikia kwa kichwa.

Moto ukapanda. Ukalamba kibanda cha magazeti, ukaingia kwa fundi cherehani, ukavuka njia kama mwenyeji anayejua aendako. Nilimgeukia dada nikitegemea machozi. Macho yalikuwa yanameremeta.

"Sasa dirisha la juu," akasema taratibu. Dirisha la juu likaanguka. "Sasa ngazi." Ngazi ikaporomoka. Mwisho ghorofa nzima ikapiga magoti, polepole, bila kugusa hata kamera moja. Kila boriti alikuwa ameikata mapema mahali pake. Hata kuanguka kwa ghorofa hiyo alikuwa amekujenga yeye.

Mafundi seremala walivua kofia.

Moshi ulipopungua, mama alimwendea zimamoto aliyekuwa akikunja mpira wa maji, akamgusa bega.

"Unamwona yule mwenye rangi usoni?" akasema. "Nimemzaa mimi."