Zabibu na Wapandaji Wake Wawili

Siku mkunga alipoteleza kwenye sakafu ya wodi iliyotoka kupigwa deki, hakuwaza goti kwanza. Alilala pale chini, maji ya ndoo yakimlowesha mgongo, akasikia kitu kimekatika gotini kama uzi wa kushonea viatu, na akajiuliza sasa Zabibu atapandwa na nani.

Zabibu alikuwa farasi wake, jike wa makamo, mweusi mwenye wekundu kwa mbali, mwepesi wa kununa akicheleweshewa chakula. Mkunga alimchukua kwa mtu aliyekuwa akimrusha vizuizi vya mashindano mpaka mshipa wa mguu wa mbele ukaumia na mnyama akabaki mifupa mitupu. Akamuuguza kwa subira ile ile anayowasubiria nayo wajawazito, na mguu ukapona. Toka hapo palikuwa na amri moja isiyo na mjadala: Zabibu atatembea, atakimbia akijisikia, lakini haruki kitu, hata dimbwi.

Daktari wa mifupa alipoliangalia goti, naye alitoa amri yake. "Mama, mpaka nikuambie mimi, hata baiskeli usiiguse. Farasi ndiyo usimtaje kabisa."

Basi Zabibu akakaa bandani. Akanenepa, akaanza kuupiga mlango mateke asubuhi na jioni. Saisi wa pale, mzee aliyewatunza farasi wote wa zizi lile, alivumilia weee, mwishowe akasema. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilokuwa akiwaambia farasi na binadamu bila ubaguzi.

"Huyu anataka mtu wa kumpanda," alisema. "Mimi nina farasi wengi na miguu miwili. Tafuta mtu mgawane siku."

Mkunga aliirudisha habari hiyo nyumbani kwa shingo upande. Mumewe, mpima ardhi, mtu asiyependa kelele, alikuwa akipangusa vumbi kwenye buti zake mlangoni.

"Mpe mdogo wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Si alikulia kwenye farasi wa baba mdogo? Kila siku anasema anatamani."

Mdogo wake huyo, yaani wifi yake mkunga, alikuwa mwalimu wa udereva. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na miwani yake ya jua ilikaa kichwani hata mvua ikinyesha. Mkunga alimpenda. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kumkabidhi hatamu ni jambo jingine.

Wakakaa mezani wakakubaliana. Wifi angempanda Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Gharama za chakula na viatu vya farasi nusu kwa nusu. Akimaliza, amsugue, ausafishe mkanda wa tumbo, atundike tandiko mahali pake. Asimpe mtu mwingine ampande. Na asimrushe.

"Wifi," mwalimu wa udereva alisema akicheka, "mimi nafundisha watu kurudi nyuma kwenye barabara ya malori. Farasi mmoja mnene atanishinda?"

"Sijasema atakushinda. Nimesema usimrushe."

"Nimekusikia."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Zabibu akapungua, mlango ukapumzika. Kisha vikaanza vitu vidogo, vya aina ile ambayo ukimweleza mtu unaonekana wewe ndiye mwenye matatizo. Mkunga alikuja na mkongojo wake siku yake ya kumsugua Zabibu, akakuta tandiko limelazwa kwenye beseni la kuoshea. Siku nyingine mkanda wa tumbo umekakamaa kwa jasho, mgumu kama ubao. Brashi ya manyoya marefu, aliyoinunua mwenyewe baada ya kuitafuta mji mzima, ikaonekana kwenye gari la udereva ikipangusa dashibodi. Zabibu naye alianza kuwapekua watu mifukoni kama askari wa getini, maana wifi alikuwa akimpa biskuti.

"Mwambie ndugu yako," alimwambia mumewe.

"Nimwambie nini? Kwamba farasi anakula biskuti?"

"Mwambie kuna utaratibu."

"Mwambie wewe, si ni wifi yako?"

Akamwambia. Wifi akaitikia vizuri, "Haya wifi, nimekosa, nitarekebisha," na akarekebisha kwa siku chache, halafu yale yale yakarudi. Hasira za mkunga zilikosa pa kutulia. Mtu anayekujibu ovyo unagombana naye mkamaliza. Mtu anayekuomba radhi huku anatabasamu, kisha anaendelea, utamshika wapi?

Lililomuuma zaidi hakulisema kwa mtu. Zabibu alikuwa amemzoea yule. Akisikia mlio wa gari la udereva likiingia uwanjani, masikio yalisimama. Mkunga akiingia na mkongojo wake, alitazamwa kidogo, akapekuliwa mfuko, akageuziwa mgongo.

Jumamosi moja zamu ya hospitali iliisha mapema. Mama wawili walijifungua kabla hata chai haijapoa. Mkunga akaamua kupitia zizini. Alipozunguka ghala la majani makavu akasimama. Katikati ya uwanja kulikuwa na mapipa, na juu ya mapipa miti miwili imelazwa. Wifi alikuwa anakuja kwa kasi, kainama mbele, na Zabibu akapaa. Alipaa vizuri. Shingo imenyooka, miguu imekunjwa, akatua bila kishindo upande wa pili na kutikisa kichwa kama mtu aliyesifiwa. Mkunga angeweza kuvumilia kama angeona kitu kibaya. Kuona kitu kizuri kulimkata maini.

"Shuka," alisema.

Wifi alimwona, akasimamisha. "Ni vijiti tu, wifi. Tena amevifuata mwenyewe, mimi nilikuwa nampitisha pembeni."

"Mapipa nayo aliyapanga mwenyewe?"

Wifi akashuka, akampa hatamu, akavua miwani kichwani na kuikunja taratibu. Taratibu mwenyewe alikuwa kando ya ghala akizoa majani, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu yeyote taratibu.

Kesho yake asubuhi saisi alipiga simu. Zabibu anachechemea. Mguu gani? Wa mbele. Ule ule.

Mchana huo familia yote ilikuwa kwa mama mkwe. Mkunga alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba atazungumza na wifi pembeni, kwa adabu. Lakini wifi aliingia akimsalimia kila mtu kwa uchangamfu, akauliza, "Wifi, bado umeninunia?" na yale yote yaliyokuwa yamejazana kifuani yakamwagika mbele ya sahani.

"Umemvunja," mkunga alisema. "Nilimuuguza mwaka mzima, wewe umemvunja kwa asubuhi moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu unapenda vitu vya watu. Starehe yako, ugonjwa wangu."

Mume alitazama kijiko chake kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Mama mkwe alisema, "Jamani, kuleni kwanza," lakini wifi alishaondoka. Hakubamiza mlango. Aliurudishia polepole, na hilo likawa baya zaidi.

Jumatatu daktari wa wanyama akaja. Akaushika mguu, akaubonyeza mshipa juu mpaka chini, akatikisa kichwa. Kisha akaibana kwato kwa koleo lake kubwa, na Zabibu akaruka kidogo kwa maumivu. Daktari akachokonoa kwa kisu kidogo. Usaha mweusi ukatoka, unanuka vibaya.

"Kijiwe kilimchoma chini ya kwato," alisema akifuta kisu. "Kina siku kadhaa humo. Kakipata njiani tu. Mshipa ni mzima kabisa, tena una nguvu kuliko nilivyotegemea."

"Na kuruka?"

"Kuruka hakuhusiani na hili."

Mkunga alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini furaha ilikuja imefungana na kitu kingine. Jioni mumewe alivuta pumzi ndefu, akasema, "Basi si yeye."

"Si yeye aliyetia kijiwe. Ndiye aliyemrusha."

"Lakini farasi ni mzima."

"Sikumkataza kumuumiza. Nilimkataza kumrusha. Akamrusha."

"Sawa. Lakini farasi ni mzima."

Mkunga alitamani kuung'ata mto. Mama mkwe alipopiga simu, alimsikiliza mkunga kwa upole mkubwa akieleza tofauti ya kwato na kuruka, akaitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa, kisha akasema, "Nimekuelewa kabisa, mwanangu. Sasa utamwomba radhi lini?" Hata Taratibu alisema, "Yule binti hakuwa na kosa," na mkunga alipomkumbusha mapipa, mzee akajikuna kidevu na kusema, "Hayo mapipa, ndiyo," kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Dunia nzima ilikuwa imeyachukua makosa mawili, ikayafunga kwenye fungu moja, na kwa kuwa moja halikuwa la wifi, fungu zima likatupwa.

Kwato ilihitaji kulowekwa kwenye maji moto ya chumvi kila siku. Goti la mkunga halikukunjika. Ilibidi amwombe mzee ainame badala yake, huku yeye kasimama juu akishika kichwa cha farasi aliyekuwa akimpekua mifuko mitupu. Siku ya nne ya kazi hiyo alichoka kuwa na haki.

Alimkuta wifi nje ya chuo cha udereva, kakaa kiti cha mwalimu ndani ya gari la mafunzo akimsubiri mwanafunzi. Akafungua mlango wa dereva, akaingia, akaliweka goti kwa taabu kando ya pedali.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Ya kwato tu. Na yale maneno niliyokuambia mbele ya mama. Hayo hayakuwa ya kusemwa."

Wifi aliangalia mbele. "Na ya kuruka?"

"Ya kuruka hujaniomba wewe."

Mwanafunzi alitokea, akaona gari lina watu, akarudi kivulini.

"Nilikosa," wifi alisema mwishowe. Safari hii hakutabasamu. "Nilijua nakosa nilipokuwa napanga mapipa. Nikajiambia mara moja tu, wifi hatajua. Siku nzima nakaa hapa na breki zangu chini ya mguu nikiwazuia watu wasijiue. Nilitaka kitu kinachopaa. Si sababu, nakuambia tu."

"Angekuwa wako ungempaisha."

"Angekuwa wangu, ndiyo. Si wangu. Kwa hiyo nimeacha, wifi. Ufunguo wa chumba cha matandiko nimempa kaka."

Mkunga alikuwa amekuja pia kumnyang'anya ufunguo huo. Kuupata kirahisi namna hiyo kukamwacha na maneno yasiyo na kazi. Akashuka.

Muda ukapita, kwato ikapona, na siku moja daktari wa mifupa akasema haya, jaribu, lakini polepole. Mkunga alikwenda zizini kama bibi harusi. Taratibu akamsaidia kupanda. Akashika hatamu, akambana Zabibu mbavuni kama alivyofanya miaka yote. Zabibu akarudi nyuma. Akambana tena. Zabibu akarudi nyuma zaidi, mpaka mkia ukagusa uzio, akasimama hapo akisubiri amri inayoeleweka.

"Mwenzio alimfundisha vingine," Taratibu alisema. "Mimi nilimwona tu. Sijui anafanyaje. Muulize."

Mkunga alikaa pale juu ya farasi wake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akatoa simu.

"Unamwambiaje aende?" aliuliza, bila hata salamu.

Upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa injini. "Usimbane. Vuta pumzi, kaa wima, halafu ulegeze mikono. Klachi taratibu, taratibu, angalia kioo. Si wewe wifi, ni huyu. Wewe vuta pumzi."

Akavuta pumzi. Akalegeza mikono. Zabibu akapiga hatua mbele, moja, nyingine, akaondoka kwa mwendo laini ambao mkunga hakuwahi kuupata kwake hata siku moja. Alitaka kulia kwa hasira. Miaka yote ile.

"Ameenda?" sauti ikauliza.

"Ameenda. Na kona?"

"Kona siwezi kukueleza kwa simu. Kona mpaka uone."

Mkunga alimwacha Zabibu amalize mzunguko mzima kabla ya kujibu. "Basi njoo Jumatano. Lakini nitakuwepo. Kila ukimpanda, nitakuwepo, na ukiligusa pipa nitakuona."

"Nitakuja," wifi akasema. Halafu, kwa mtu mwingine, "Breki. Breki, kaka yangu."

Jioni mume alimkuta mkewe sebuleni, mguu umeinuliwa juu ya stuli, goti limevimba kama embe. Akauliza kwa tahadhari kama wamepatana.

"Hatujapatana," mkunga alisema. "Tumepanga siku. Niletee barafu."