Magoti ya Kokugonza

Mwaka wa uhuru Kokugonza alikuwa na miaka sita, na pale kijijini kwao Nyanga hakuwa amemwamkia mtu hata mmoja. Wageni wakiingia, yeye alikuwa sakafuni akipanga buni mstari mmoja mrefu, na ngoma ikilia aliziba masikio na kupiga yowe. Majirani hawakuwa na huruma. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema, na kwa Wahaya msichana asiyepiga magoti ni aibu ya nyumba nzima.

Clotilda, mama yake, akashika fimbo ya mti wa kahawa. Piga magoti. Mpe mgeni kahawa ya kutafuna. Mtazame usoni. Tabasamu. Akikosea, fimbo, akilia, fimbo. Samaki mkunje angali mbichi, alijiambia, na kweli alimkunja. Kokugonza alipofika miaka kumi na miwili, hapakuwa na msichana aliyemzidi kwa salamu, na Clotilda aliingia kanisani kichwa juu, akipongezwa kwamba mwanawe amepona.

Miaka ikapita, binti akaolewa Muleba, katika kijiji cha ujamaa, na Rwegasira, mtu mpole. Huko nyumba zilibanana, shamba lilikuwa la wote, na salamu hazikuwa na mwisho. Mwezi wa nne wa ndoa Rwegasira akatuma habari: mkewe hana kasoro, ila kila jioni sauti humpotea, hata jina lake mwenyewe hawezi kulitaja.

Clotilda hakuuliza ni ugonjwa gani. Alishika njia ya Muleba na hatia yake, maana alimjua aliyeupanda.

Alimkuta jikoni, kanga kichwani, akijitikisa mbele na nyuma kama alivyofanya utotoni. Akakaa karibu naye bila kumgusa. Sauti ikamrudia binti, ikatoka chini ya kanga.

"Mama, leo nimeamkia watu arobaini na mmoja. Nikizeeka nitaruhusiwa kuacha?"

Clotilda aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Mtoto hakuwa amepona. Alikuwa amejifunza kujificha, na mwalimu wake alikuwa mamaye. Akafungua kinywa amwambie inatosha, aache leo hii.

Nje mtu akabisha hodi. Kokugonza hakusogea. Clotilda akawaza watu watasema nini, na mkono wake ukamtangulia, ukaivuta ile kanga.

"Inuka, mwanangu," alinong'ona. "Mara hii tu."

Kokugonza akautengeneza uso wake, akainuka, akaenda.