Mstari wa Wachoma-Mbingu

Mvua zilipokosa kuja msimu wa tatu mfululizo, vijana wa mtaa mmoja katika komini, yaani kata, iitwayo Kenya, hapa mjini Lubumbashi, waliikamata foraji. Ndicho kisima pekee cha pampu kilichokuwa bado kinatoa maji mtaani kwao. Waliunda kamati, wakatia kufuli kwenye pampu, wakatangaza sheria kwa kipaza sauti cha kanisa: kila aliyetimiza miaka sitini atachota mwisho, baada ya wengine wote, na kabla ya kuchota atapakwa makala, yaani makaa yaliyosagwa, usoni mbele ya watu. Kizazi chake, walisema, ndicho kilichokata pori, kikalichoma, kikafukuza mvua.

Wazee hao wakaitwa Wachoma-Mbingu.

Jina hilo alilitunga Gaëlle, mwanafunzi wa chuo cha Kasapa, na yeye ndiye aliyeandika sheria na kupaka makala. Hakuwa mkatili. Alikuwa amesoma mambo ya hewa na misitu mpaka usingizi ukamtoka, na hasira yake ilitafuta mahali pa kutua. Wenye viwanda na wenye ndege walikuwa mbali, hakuwajua hata kwa sura. Wazee walikuwa karibu.

Mwenyekiti alikuwa Guelor, fundi wa pikipiki, ambaye alimzika binti yake mchanga katika mwaka wa kwanza wa ukame. Tangu siku ile hakuna aliyemwona akicheka. Ufunguo wa pampu aliuvaa shingoni.

Gaëlle alilelewa na bibi yake, Clotilde, aliyemwita Kambo, mwanamke mwembamba aliyeuza makala maisha yake yote. Ijumaa moja Clotilde alitimiza miaka sitini. Jioni, wakila bukari, ugali mkavu, kwa mboga kidogo, mjukuu hakuweza kumtazama.

"Kambo, kesho usiende," alisema. "Nitakuletea mayi miye mwenyewe."

"Juu ya nini nisiende? Muzee Symphorien anaendaka. Miguu yake imevimba, na anaendaka."

"Lakini mulikata miti yote, Kambo! Hamukuona?"

"Nilikata," Clotilde alijibu. "Nilikata mingi. Niliona pori inaenda mbali kila mwaka, na weye ulikuwa unalia njala. Ungekuwa miye, ungefanya nini?"

Bibi yake akamwongezea mboga kwenye sahani, kama kawaida.

Kesho yake jua lilichomoza kali. Vijana walipanga mabidoni yao, madumu ya plastiki, mbele, wazee nyuma kabisa, kando ya ukuta usio na kivuli. Gaëlle alisimama na kopo la makala yaliyosagwa. Aliwapaka wazee mmoja baada ya mwingine mpaka akafika kwa Clotilde. Mkono wake ukagoma.

"Paka, mutoto yangu," bibi alisema taratibu, akiinamisha kichwa. "Bantu banangojea."

Akapaka. Kidole chake kilipita juu ya paji la uso alilolibusu tangu utotoni.

Wakati huohuo Guelor alipanda juu ya tofali. Alitangaza kwamba maji yameshuka kisimani, na kwamba leo Wachoma-Mbingu watarudi nyumbani na mabidoni matupu. Mzee Symphorien, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri za shaba, aligeuka aondoke. Hatua ya pili akaanguka chini kifudifudi.

Clotilde alimgeuza, akampepea kwa kitenge. "Mayi!" alipiga kelele. "Mupatie muntu mayi!"

Vijana walimtazama Guelor. Gaëlle hakumtazama mtu. Alitupa kopo chini, akachukua chupa ya mtu aliyekwisha kuchota, akamnywesha mzee mpaka macho yake yakafunguka. Kisha akaenda mbele ya mstari, palipokuwa na bidoni lake, akalinyanyua. Alitembea nalo mbele ya watu wote mpaka mwisho kabisa, akaliweka nyuma ya bidoni la bibi yake.

"Gaëlle, fashi yako iko mbele," Guelor alisema.

"Leo iko huku, yaya Guelor," alijibu, akimwita kaka kama kawaida. "Sitachota mbele ya Kambo yangu."

"Bale njo balituua! Umesahau? Weye mwenyewe uliandika!"

"Niliandika. Nilikosea. Balikata miti, ni kweli, na shiye tukakula, tukakomaa. Tukibaua na kiu, mvua itarudi?"

Ndipo Aimé, kijana wa kubeba abiria kwa pikipiki, akafungua kamba za mabidoni yake na kuyapeleka nyuma. Msichana mwenye mtoto mgongoni akafuata. Kisha ndugu wawili. Baadaye ikawa kelele tupu ya plastiki ikiburutwa chini, mstari ukijigeuza kama kitambaa kinachopinduliwa, mpaka mbele hapakubaki kijana hata mmoja. Wazee walikuta pampu iko mbele yao.

Guelor alikaza kufuli. "Basi hakuna atakayekunywa!"

"Tutangojea," Gaëlle alisema, akaketi chini.

Wote wakaketi. Jua lilipanda. Walifunika wazee kwa vitenge, wakagawana maji machache yaliyokwisha kuchotwa, kila mtu kifuniko kimoja. Mtu akaanza wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea, na Guelor akasimama peke yake na ufunguo wake, jasho likimtiririka.

Jua lilipofika utosini, alikuja mwanamke mnene amebeba bidoni tupu kichwani. Alikuwa Dorine, mama yake Guelor. Alipita katikati ya watu, akachota makala yaliyomwagika chini, akajipaka mwenyewe usoni.

"Mama, unafanya nini?" Guelor aliuliza.

"Niko na miaka makumi sita na tatu," Dorine alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Mutoto yangu alisema niko na makumi tano, nikanyamaza, nikachota na batoto. Leo nakatala." Akamgeukia mwanawe, na sauti ikashuka. "Nilimuzika mujukuu wangu pamoja na weye, Guelor. Alikuwa wangu pia. Leta ule ufunguo."

Alinyoosha mkono. Mabega ya Guelor yakaanguka, akalia kwa sauti kama mtoto, na katikati ya kilio akauvua ufunguo shingoni.

Pampu ilipolia, vigelegele vilisikika hadi sokoni. Bakuli la kwanza hakulinywa mtu. Gaëlle alilichukua, akamwosha bibi yake uso, polepole, mpaka ukawa safi, na Guelor akalipokea kumwosha Symphorien. Wagonjwa na wenye mimba walichota kwanza. Siku ile kila nyumba ilipata maji kidogo, na hakuna iliyokosa.

Juma lililofuata walikwenda pamoja ng'ambo ya Kasapa, wazee na vijana, kulinda visiki. Miti iliyokatwa zamani ilikuwa imechipua, majani mekundu yakitoka hata bila mvua, na moto wa nyika ulikuwa unakuja. Walifyeka ukanda mrefu wa kuuzuia. Moto ulipofika waliupiga kwa matawi mabichi, Guelor upande mmoja, Clotilde upande mwingine, wakiitana kwa majina katika moshi.

Moto ulikufa hapohapo. Ng'ambo ya majivu, machipukizi yalikuwa yamesimama, na Gaëlle akacheka mpaka akakaa chini.