Daftari la Nevenka

Zorica alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu saa moja asubuhi, mtandio shingoni, mwezi wa Julai, joto linaloyeyusha lami. Kila aliyepita aliutazama ule mtandio. Chini yake palikuwa na alama za vidole vya mwanamume, vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili. Kumeza mate kulimuuma. Siku mbili hakuwa amelala. Lakini mkobani alikuwa na daftari la shule lenye picha ya paka kwenye jalada, na kwa sababu ya daftari hilo alikuwa na hakika kwamba leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, atasikilizwa.

Daftari lilikuwa la Nevenka. Nevenka alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na nane, magoti yamemkataa, haingii tena kwenye gari la mtu. Kutwa alikaa juu ya kreti la bia kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika, na kazi yake ilikuwa moja: msichana akiingia garini, yeye anaandika. Jina la msichana, saa, rangi ya gari, namba. Kupiga picha kwa simu hakukufaa; dereva akiona simu imeinuliwa anaondoka, au anashuka na ngumi. Lakini mama wa watu anayejaza chemshabongo juu ya kreti, nani atamjali? Saa moja ikipita msichana hajarudi, Nevenka anapiga simu ili atafutwe. Wawili wako hai leo kwa sababu ya simu hizo.

Jana alilikumbatia lile daftari kana kwamba linataka kunyang'anywa.

"Halitoki hapa, ng'o! Wee mtoto, umeona wapi panya akampelekea paka barua?"

"Neva, yule atarudi. Mimi nilimng'ata, ndiyo maana akaniachia. Je, akimpata asiyeweza kumng'ata?"

Nevenka alivuta sigara mpaka moto ukagusa kichungi. "Haya, chukua. Ila usiseme ni la nani."

Saa tano Zorica aliitwa ndani. Kabla hajakaa, karani alitandika gazeti la jana juu ya kiti. Zorica akakaa juu ya gazeti. Mambo hayo alikwisha kuyazoea, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kukasirika.

Inspekta Lazović alikuwa na sauti ya upole na kikombe cha kahawa. Cha mgeni hakikuletwa.

"Haya, bibie. Jumanne saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Pale malori yanapopumzika."

"Ukifanya nini?"

"Afande, unajua nilikuwa nafanya nini."

"Mimi najua. Karatasi haijui."

"Nilikuwa kazini."

"Kazi gani?"

Akaitaja. Karani akaandika, na kwa mara ya kwanza akainua uso kumtazama.

Zorica akaeleza: kigari cheupe cha mizigo, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, kichaka, mkono shingoni, giza machoni.

"Lakini mlipatana, au sivyo?"

"Tulipatana kingine. Kukabwa hatukupatana."

Inspekta alilipokea daftari, akalifungua mahali palipokunjwa, akasoma namba, akatabasamu. "Huyu namjua. Fundi wa madirisha. Hata kwangu kaweka yeye. Mtu mpole, ana watoto wawili."

"Mimi ninaye mmoja, afande."

Lazović alipekua kurasa, taratibu, moja moja. Kwenye ukurasa wa mwezi wa Mei kidole chake kilikwama juu ya namba moja, akalisogeza daftari karibu yake.

"Mwandiko huu si wako."

"Si wangu."

"Basi aliyeona ni nani? Maana bila shahidi, bibie, hapa nina picha ya paka tu."

Usiseme ni la nani. Zorica alikumbuka, wallahi alikumbuka. Lakini alikuwa amechoka, na ametoka mbali mno kurudi na alama za shingoni peke yake.

"Ni Nevenka. Aliona kila kitu. Huandika magari yetu yote."

"Yenu nyote? Mko wangapi?"

"Saba."

"Na anajua nani kaenda na nani, saa ngapi?"

"Kila siku! Hajakosea hata mara moja." Karani alikuwa anaandika kila neno, na Zorica, ambaye hakuna aliyewahi kuandika maneno yake, alizidi kuyatoa. "Asiporudi mtu, yeye ndiye hupiga simu."

"Hodari. Na nyinyi mnampa nini?"

"Hatumpi kitu. Kahawa. Sigara. Asubuhi burek ya jibini ikiwa moto."

"Kwa hiyo mnamlipa."

"Ni chakula, afande!"

"Andika," Lazović alimwambia karani. "Analipwa kwa vitu."

Hapo ndipo Zorica alipoelewa. Alisimama, gazeti likamganda mapajani. "Siyo hivyo! Futa! Yule anatulinda tu!"

"Maelezo hayafutwi," alisema Lazović, kwa upole uleule. "Weka sahihi hapa."

Nevenka alichukuliwa alasiri hiyo hiyo. Walikuja polisi wanne kumkamata mwanamke asiyeweza hata kuinuka bila kushikwa mkono. Kosa: ukuwadi. Zorica alipewa siku kumi ndani kwa neno lake mwenyewe, lile la kazini. Alipotoka alipitia kituoni kuulizia habari za fundi wa madirisha.

"Ushahidi hautoshi," alijibiwa dirishani.

"Na daftari?"

"Daftari ni kielelezo kwenye kesi ya kuwadi wenu. Haliwezi kuwa kwenye kesi mbili."

Jumamosi alikwenda mahabusu. Nevenka alikuja nyuma ya kioo ameshikilia ukuta.

"Umekonda. Huli?"

"Nisamehe, Neva. Ni mdomo wangu."

"Nikikusamehe magoti yatapona? Acha hizo. Maji yaliyomwagika hayazoleki." Alikohoa. "Nani anaandika sasa?"

"Tunapokezana."

"Muongo."

Zorica akalia. Nevenka alimtazama akilia mpaka akamaliza, maana hakuwa na la kumfanyia. Kisha akasema, "Jumamosi ijayo niletee sigara. Na mafuta ya magoti, yale ya chupa ya kijani."

"Nitaleta."

Kwa hiyo Jumatatu mchana alirudi barabarani. Kreti lilikuwa palepale, hakuna aliyethubutu kulikalia. Wasichana walikuwa wametawanyika, kila mmoja peke yake, mbali na mwenzake, kwa sababu wawili wakisimama pamoja siku hizi ni kundi, na kundi lina kuwadi. Kigari cheupe kilipita pole pole, kimebeba vioo vipya. Kikapiga honi mara mbili.

Baadaye kidogo gari la buluu likasimama. Mwanamume asiyemjua, miwani ya jua, mkono nje ya dirisha.

"Unakuja au huji?"

"Ngoja nifunge kiatu."

Alizunguka nyuma ya gari, akachutama, akaisoma namba. Akatoa penseli ya wanja, akapandisha sketi, akaiandika pajani kwa herufi kubwa, moja moja, zimegeuzwa kuelekea nje ili atakayemkuta asihangaike kuzisoma. Akaishusha sketi, akaingia garini.