Seva za Boma Moja

Marehemu baba yake Kasmiri hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Wengine aliwawekesha kwa rafiki yake wa Butiama, wengine kwa shemeji yake upande wa Bunda, na waliobaki ndio waliolala nyumbani. Wezi wakija, au ugonjwa ukiingia, mtu hafilisiki kwa siku moja. Wala hapakuwa na mtu mwingine aliyejua ng'ombe wote walipo. "Rafiki anamjua ng'ombe anayemlisha," mzee alikuwa akisema. "Wa mwenzake wanamhusu nini?"

Kasmiri alilijua neno hilo tangu utotoni, na ndiyo maana yaliyompata yalimuuma mara mbili.

Alikuwa fundi wa seva wa shirika moja dogo lenye ofisi pale Bweri, Musoma. Seva zenyewe zilikuwa kompyuta zilizofungwa katika shule za sekondari za pembezoni, zimejazwa masomo, ili wanafunzi wasome bila kuhitaji intaneti. Kila moja aliifunga kwa mkono wake. Kikitakiwa kubadilishwa kitu, alipanda pikipiki hadi Butiama, au basi hadi Kisorya, au mtumbwi wa injini hadi kisiwa cha Rukuba, akakaa mbele ya mashine kama mganga mbele ya mgonjwa. Ipi ina diski iliyochoka, ipi haipendi kuzimwa ghafla, ipi inakaa karibu na dirisha linalovuja, yote hayo aliyaweka kichwani.

Mkurugenzi wa shirika alikuwa Revocatus, rafiki yake wa ujana. Walisoma pamoja masomo ya jioni, wote wawili wakiwa watu wazima wenye watoto. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja, wakakipasua katikati kwenye uti wake, kila mtu akaenda na nusu nyumbani, na kila Jumapili baada ya misa wakabadilishana. Hakuna aliyewahi kuchelewesha nusu ya mwenzake.

Basi siku moja Revocatus akamwita ofisini.

"Mura, ukifa leo, hizi mashine nani atazijua?"

"Nikifa leo, wewe utakula kwanza wali wa msiba wangu, ndipo uulize mashine."

Wakacheka mpaka mhudumu akachungulia mlangoni.

"Sikiliza, nasema kweli," Revocatus akaendelea. "Ziandike zote kwenye faili moja, kwa makundi. Tukishafanya hivyo, amri moja ikitolewa hapa ofisini, seva zote zinatii zenyewe. Kiuno chako kitapumzika. Umri huu bado unavunjikaga na pikipiki kwa nini?"

Kasmiri aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotaka kuonyesha. Alijifunza kwa kamusi na video, akirudia mahali pagumu hadi pakafunguka. Aligundua kwamba seva moja inaweza kukaa katika makundi kadhaa, kama vile yeye mwenyewe ni mtu wa ukoo wake, ni mwanakwaya, na ni mkazi wa Bweri, bila kugawanyika. Akapanga kwa mahali: Musoma, Bunda, Butiama. Akapanga tena kwa kazi: za masomo, za kutunza nakala. Halafu akatenga kundi moja la pekee, akaliita "wazee".

Humo aliweka seva za kwanza kabisa, zile za shule ambako intaneti ni ya kudonoa tu, inapitisha amri fupi lakini si masomo. Hazikufaa kuamriwa kwa pupa. Amri ya kujiwasha upya tu ingeweza kuzilaza moja kwa moja. Akaandika maelekezo kwamba kundi hilo lisiguswe mpaka yeye awe amesimama kando ya mashine. Aliona amewapa heshima yao. Penye kikao, wazee hutengewa viti.

"Hawa hawaguswi?" akamuuliza Revocatus siku ya kukabidhi faili.

Revocatus akamshika bega. "Wazee hawaguswi. Nimesema."

Kwa neno hilo Kasmiri alimpigia Justina, mwalimu wa Rukuba, akamhakikishia: "Mwalimu, mashine yako itabaki. Watoto wako watasoma."

Wiki chache baadaye alikuwa Bunda mjini, katika karakana ya Luqmani, fundi wa redio na kompyuta. Seva ya Rukuba ilikuwa imefunguliwa mezani. Maji ya mvua yaliiingia, yakaunguza kifaa chake cha umeme, na Kasmiri aliibeba mwenyewe hadi hapo bila kumpa mtu taarifa, kwa kuwa hakuwa amezoea kutoa taarifa za mashine zake.

"Umeibeba mpaka huku kama mjukuu," Luqmani akamtania. "Umeinunulia na soda?"

Simu ikalia. Alikuwa Eufrasia, mwalimu wa Butiama.

"Shikamoo mzee. Mashine imejizima mbele yetu. Nikiiwasha inaleta kioo cheusi, inasema haioni kitu ndani."

Kabla hajamjibu vizuri, ikaingia simu ya Kisorya. Habari ile ile. Kasmiri akafungua laptopu yake, akaingia kwenye kompyuta ya ofisini iliyokuwa ikitoa amri. Amri ya mwisho ilikuwa fupi: futa kila kitu, kisha zima. Mbele yake, pale panapotajwa wa kuamriwa, paliandikwa neno lake mwenyewe: wazee.

Akampigia Revocatus.

"Revo, nani amegusa wazee?"

"Ndugu yangu, nilitaka tuongee ukirudi."

"Tuongee sasa."

"Wafadhili hawazitaki tena zile kuukuu. Wanataka seva mpya tu, zisimamiwe kutoka Mwanza."

"Mpya hazibebi masomo; bila intaneti ya kutosha ni masanduku matupu. Rukuba watasoma nini?"

"Mtandao utafika. Wamesema utafika."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Kabla ya Pasaka. Kabla ya ule wito wa ofisini, kabla ya kile kicheko.

"Kwa hiyo uliponiambia niziandike..."

"Ningekwambia, ungekataa, mura. Na hakuna mwingine aliyejua ziko wapi."

Kasmiri akaiweka simu mezani taratibu, kama kitu cha moto. Kundi alilolitenga ili liheshimiwe ndilo lililomrahisishia mwenzake kazi. Hakulazimika hata kutafuta. Alikuta ng'ombe wamekwisha kukusanywa, boma moja, mlango mmoja.

Luqmani, aliyesikia yote, akakohoa. "Mzee wangu, kikulacho..."

"Usinipe methali. Nipe bisibisi."

Wakafunga kifaa kipya cha umeme. Seva ya Rukuba ikawaka, masomo yake yote yamo. Kabla ya kuiunganisha na chochote, Kasmiri akafuta ndani yake ufunguo wa siri ulioiruhusu ofisi kuiamrisha. Simu ikalia tena. Alikuwa Revocatus.

"Kasmiri, Mwanza wanasema seva moja haikujibu amri. Ya Rukuba. Mwalimu anasema haipo kisiwani. Iko wapi?"

"Nimeiwekesha."

"Kwa nani?"

"Kwa rafiki."

"Rafiki gani? Mimi marafiki zako wote nawajua."

"Na mimi nilidhani nawajua," Kasmiri akasema, akakata.

Jioni alishuka stendi ya Bweri, ameipakata seva iliyoviringishwa ndani ya koti lake. Kutoka pale bati la ofisi lilionekana, na gari la Revocatus lilikuwa bado limeegeshwa nje. Kijana wa bodaboda aliyemzoea akasogea.

"Ofisini, mzee?"

Kasmiri alilitazama lile gari mara moja tu.

"Nipeleke Mwigobero," akasema. "Nawahi mtumbwi wa Rukuba."